Nyanya ni tunda au mboga? Kesi ya 1893 na funzo lake kwa Kiswahili

Jumapili iliyopita mjukuu wangu, ambaye yuko Gredi ya Nne, alinijia barazani na daftari lake la Kiswahili mkononi. Uso ulikuwa umemshuka. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: walipewa majina ya vitu kumi wayagawe katika safu mbili, matunda upande mmoja na mboga upande wa pili. Alipata tisa. Kilichomponza ni nyanya, aliyoiweka kwenye safu ya matunda. Wino mwekundu haukumsamehe.

"Babu," akaniuliza, "si mwalimu wa Sayansi alitwambia tunda ni sehemu ya mmea inayobeba mbegu? Na nyanya si ina mbegu?"

Kabla sijafungua kinywa, mke wangu akadakia kutoka jikoni: "Hebu njoo huku uone ninavyoikaanga na vitunguu, kisha uniambie kama hilo ni tunda!"

Kijana akanitazama, akatabasamu kidogo. "Sasa nyanya amesema nyanya ni mboga. Nimuamini nani?"

Nilicheka, ila swali halikuniacha. Mwalimu wa Sayansi hakukosea. Mwalimu wa Kiswahili alifuata mwongozo wake wa kusahihisha, na aghalabu wengi wetu tungeafikiana naye. Mpishi wangu wa miaka thelathini na ushei naye hakukosea. Mtoto alitumia somo moja kujibu swali la somo jingine, jambo tunalolihimiza kila uchao, na jasho lake likalipwa kwa sifuri. Yawezekanaje watu wanne wawe na haki na alama moja ipotee?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watoto. Haidhuru. Lakini wajue kwamba swali hili hili liliwahi kupanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wakaketi kulisikiliza, na uamuzi wao unasomwa na wanafunzi wa sheria mpaka leo. Hebu tuirejelee kesi hiyo kwani ndani yake mna funzo kubwa kwa wapenzi wa Kiswahili, hasa sisi tunaotunga kamusi, mitihani na tafsiri.

Mnamo Machi 1883, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ushuru wa forodha. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mboga zilizoingizwa nchini kutoka ng'ambo zilitozwa asilimia 10 ya thamani yake. Matunda mabichi, mabivu au yaliyokaushwa hayakutozwa kitu. Sheria haikueleza mboga ni nini wala tunda ni nini. Bila shaka waliyoiandika waliona kwamba kila mtu anajua.

Katika majira ya kuchipua ya 1886, shehena ya nyanya kutoka visiwa vya West Indies iliwasili katika bandari ya New York. Waagizaji walikuwa wafanyabiashara wa ukoo wa Nix, akiwemo John Nix. Mtoza ushuru wa bandari, Edward Hedden, aliziangalia nyanya hizo akasema ni mboga, lipeni. Wakalipa huku wakipinga. Kisha, mnamo Februari 1887, wakamshtaki Hedden ili warudishiwe fedha zao. Hoja yao ilikuwa ile ile ya mjukuu wangu: nyanya ina mbegu, nyanya imetokana na ua, kwa hivyo nyanya ni tunda.

Kilichotokea mahakamani kingewafurahisha wanaleksikografia. Wakili wa kina Nix alifungua kamusi na kusoma fasili za maneno tunda, mboga na nyanya. Akawaita mashahidi wawili waliokuwa wamefanya biashara ya matunda na mboga kwa miaka 30. Akawauliza kama maneno hayo yalikuwa na maana ya pekee katika biashara, tofauti na ile waliyoisikia ikisomwa. Wakajibu, kwa jumla, kwamba hawakujua maana nyingine ya kibiashara. Wakili wa serikali hakukubali kushindwa kwa kamusi. Naye akasoma fasili za njegere, biringani, tango, boga na pilipili, vitu ambavyo vyote vina mbegu ndani na ambavyo hakuna aliyethubutu kuviita matunda sokoni. Upande wa Nix nao ukajibu kwa kusoma fasili za kiazi, kabichi, karoti na maharagwe. Ikawa ni kamusi kwa kamusi, kama vijana wanaotupiana vitendawili.

Uamuzi wa mwisho ulitolewa tarehe 10 Mei 1893. Aliyeuandika kwa niaba ya majaji wenzake, na wote waliafikiana, ni Jaji Horace Gray. Jaji huyo alikiri wazi kwamba kibotania nyanya ni tunda la mmea unaotambaa, sawa na tango, boga, maharagwe na njegere. Hata hivyo, alisema, katika lugha ya kawaida ya watu, wauzaji na walaji, vitu hivi vyote ni mboga. Sababu yake? Hupandwa katika bustani za jikoni, na huliwa katika mlo mkuu pamoja na supu, samaki au nyama, au baada ya hivyo. Haviliwi kama vile matunda yanavyoliwa, yaani mwishoni mwa mlo kwa kujiburudisha. Kuhusu kamusi, alisema kwamba mahakama inaziruhusu zisomwe, si kama ushahidi, bali kama msaada wa kumbukumbu na ufahamu wa majaji.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza. Mnamo 1889, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekataa hoja kwamba maharagwe yahesabiwe kuwa mbegu katika mambo ya ushuru. Jaji Joseph Bradley alieleza kwamba katika lugha ya botania maharagwe ni mbegu kweli, lakini sokoni na jikoni ni chakula. Nyanya ilifuata njia iliyokwisha kulimwa na maharagwe.

Hapa ndipo wengi hukomea wanaposimulia kisa hiki. Hucheka, husema "ajabu ya Wamarekani," kisha huendelea na shughuli zao. Mimi nataka tusogee hatua moja zaidi, maana niliposoma kipimo cha Jaji Gray mara ya kwanza nilishtuka. Kipimo hicho nilikuwa nimekisikia kwingine kabisa.

Nilipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam, miaka ya themanini, nilikaribishwa chakula nyumbani kwa mwenzangu mmoja. Mama mwenye nyumba aliniambia kwa upole, "Karibu baba, ila leo mboga ni dagaa tu." Mimi mtoto wa Kenya nikasubiri dagaa, kisha nikaendelea kusubiri mboga. Ugali ulikuja, dagaa wakaja, maji ya kunawa yakaja. Mboga haikuja. Nikala kimyakimya nikidhani imesahaulika jikoni. Ni siku kadhaa baadaye nilipong'amua kwamba mboga nilikuwa nimeila. Kwa wenyeji wangu, mboga ni chochote kile kinachouteremsha ugali au wali: iwe mchicha, iwe maharage, iwe samaki, iwe nyama. Swali la "leo mboga gani?" lingeweza kujibiwa "kuku" na pasiwe na wa kushangaa. Walipotaka kutaja mchicha na wenziwe walisema mboga za majani, au wakakariri neno na kusema mbogamboga.

Sasa linganisha na Jaji Gray. Yeye alisema nyanya ni mboga kwa sababu huandamana na mlo mkuu. Mama yule wa Dar es Salaam alisema dagaa ni mboga kwa sababu hiyo hiyo. Jaji alisimama katikati ya njia, mama akaifuata njia hadi mwisho wake. Wote wawili hawakuuliza kitu hiki kimetoka sehemu gani ya mmea. Waliuliza kinafanya kazi gani kwenye sahani.

Hiyo ndiyo siri ya neno hili. Mboga si jina la aina ya mmea wala sehemu ya mmea. Ni jina la kazi. Tazama tunavyoviita mboga: sukuma wiki ni jani, karoti ni mzizi, koliflawa ni ua lisilochanua, bamia ni tunda. Kitunguu ni majani yaliyonona chini ya udongo. Mtaalamu wa botania hawezi kuvikusanya vitu hivi katika kundi moja hata akikesha. Mama mboga hukusanya vyote mezani pake kabla jua halijachomoza, na wateja wake hawakosei.

Neno lenyewe ni la kale na lina ndugu wengi. Wakamba husema mboka. Wanyarwanda na Warundi husema imboga. Halikuletwa na jahazi kama lilivyoletwa neno bamia kutoka Uarabuni, wala halikuja na Wareno kama limau. Ni letu la Kibantu.

Tunda nalo lina asili nyingine. Katika Kiswahili kipo kitenzi kutunda, ambacho siku hizi hakisikiki sana, chenye maana ya kuchuma. Tunda basi lina uhusiano na tendo la mkono kunyooka kwenye tawi. Jina hili halikuanzia mezani, lilianzia mtini. Ndiyo maana Kiswahili kinajua kumzaa mti kutokana na tunda lake kwa kubadilisha ngeli tu: embe na mwembe, chungwa na mchungwa, papai na mpapai, pera na mpera. Ngeli imebeba botania mgongoni bila sisi kufahamu.

Hata boga limo katika utaratibu huo, na hapa pana mtego mzuri. Mmea unaozaa boga huitwa mboga, wingi wake miboga. Kwa hiyo Kiswahili kina mboga mbili zilizoandikwa kwa herufi zile zile. Ukisema "mboga huu umetambaa hadi kwa jirani," unazungumzia mmea. Ukisema "mboga hii imeiva," unazungumzia kilichomo sufuriani. Bila upatanisho wa kisarufi huwezi kuzitofautisha. Wanafunzi wanaodharau ngeli na wayafikirie hayo.

Kwa kuwa tumeligusa boga, niruhusuni nichepuke kidogo. Wapo wanaodai kwamba katika methali "ukipenda boga, penda na ua lake," ua ni lile la nyumbani, uzio unaoshikiliwa na mboga unapotambaa. Maelezo hayo yanapendeza lakini sarufi inayakataa. Ua la mmea, wingi wake maua, huchukua "lake." Ua wa nyumba, wingi wake nyua, huchukua "wake." Methali inasema "lake." Kwa hivyo ni lile ua la manjano ambalo boga hutokana nalo. Na kitu kinachotokana na ua, kikabeba mbegu, kwa kanuni ya mwalimu wa Sayansi ni tunda. Wahenga waliliona hilo bila maabara.

Basi maneno haya mawili hayakai kwenye mizani moja. Tunda hujibu swali la "kimetoka wapi?" Mboga hujibu swali la "kinaliwa vipi?" Kuuliza kama nyanya ni tunda au mboga ni sawa na kuuliza kama shangazi yako ni mwalimu au ni mzaliwa wa Lamu. Anaweza kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja na asipungukiwe na lolote. Kosa limo katika hilo neno dogo "au."

Lakini serikali za dunia haziwezi kuishi bila "au." Mtoza ushuru hana nafasi ya falsafa: kila kitu lazima kiingie katika safu moja tu. Leo nchi nyingi, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki, hupanga bidhaa za forodha kwa mfumo mmoja wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 1988. Katika mfumo huo Sura ya 7 ni ya mboga na Sura ya 8 ni ya matunda. Nyanya imo katika Sura ya 7. Jaji Gray angefurahi. Boga nalo limo katika Sura ya 7, ilhali tikitimaji, ndugu yake wa ukoo mmoja kibotania, limo katika Sura ya 8. Wamezaliwa nyumba moja lakini wanasafiri kwa pasipoti mbili tofauti.

Parachichi zetu zinazouzwa ng'ambo zimo katika Sura ya 8, pamoja na matunda. Hebu sasa chukua kipimo cha Jaji Gray ukiingize jikoni kwa Mkenya. Sisi hulila parachichi na githeri, na ugali, na wali. Kwa kipimo cha mlo mkuu, parachichi ni mboga. Pwani nako, sahani ya pilau huandamana na ndizi mbivu, mlaji akimega huku na kumega kule. Je, ndizi nayo tuifanye mboga? Kipimo cha jaji kilitoka katika meza za kwao, ambako kitu kitamu husubiri mwisho wa mlo. Meza zetu hazina foleni hiyo. Huu ndio upungufu wa kuazima fasili ya mwenzio bila kuazima sahani yake.

Wenyewe wenye sheria hizo hawakubaliani. Mnamo 1947 mahakama ya forodha ya Marekani iliamua kwamba rubabu, mmea ambao kinacholiwa ni kikonyo cha jani, ni tunda, kwa kuwa hupikwa kwa sukari na kuliwa kama kitindamlo. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la 2001 kuhusu jemu, ulisema kwamba kwa ajili ya agizo hilo karoti, viazi vitamu, nyanya na matango vitahesabiwa kuwa matunda. Karoti ni tunda! Sababu ni kwamba zipo nchi zinazotengeneza jemu ya karoti, na jemu kisheria hutengenezwa kwa matunda. Jimbo la Arkansas lilikwepa ugomvi wote: mwaka 1987 liliitangaza nyanya ya kwao kuwa tunda rasmi na pia mboga rasmi ya jimbo. Wengine watacheka. Mimi naona Arkansas ndiyo iliyojibu vyema kuliko wote.

Msomaji anaweza kuniuliza, sasa Profesa, haya yanatusaidia nini? Nijibu kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka ya tisini niliombwa kukitafsiri kijitabu cha afya kilichokusudiwa kusomwa pande zote mbili za mpaka, Kenya na Tanzania. Palikuwa na shauri kwa wenye shinikizo la damu wale mboga kwa wingi. Nikaandika hivyo hivyo, "kuleni mboga kwa wingi," nikageuza ukurasa. Nilikuwa nimesahau kabisa dagaa wa Dar es Salaam. Rasimu ikapelekwa kwa wasomaji wa majaribio. Mama mmoja kutoka Dodoma akaisoma, akauliza kwa unyenyekevu: "Mwalimu, shikamoo. Hapa daktari anasema tule nyama kwa wingi? Maana kwetu mboga yenyewe hasa ni nyama."

Nilihisi aibu, tena kubwa. Neno lilikuwa sahihi katika kamusi zote zilizokuwa mezani pangu. Lilikuwa sahihi kinywani mwangu. Lakini lingeingia sikioni mwa mgonjwa likiwa limegeuka kuwa kinyume cha alichokusudia daktari. Nilibadilisha nikaandika "mboga za majani," nikaorodhesha mchicha, kunde na kisamvu ili pasibaki shaka. Kama yule mama angeona haya kumuuliza profesa, kijitabu kingechapishwa kama kilivyokuwa. Tangu siku hiyo sijawahi kupeleka tafsiri kwa mchapishaji kabla haijapita kwa mtu anayepika.

Jaji Gray alisema kamusi ni msaada wa kumbukumbu, si shahidi. Sisi tunaozitunga kamusi hatupendi kuisikia kauli hiyo, lakini ina ukweli. Shahidi wa maana ya neno ni wale wanaolitumia, na watumiaji wa Kiswahili wameenea kutoka Lamu hadi Lubumbashi, kila mmoja na sufuria yake. Kamusi nzuri haina budi kusema mboga ni nini Mombasa, ni nini Dodoma, na mtaalamu wa mimea ana maoni gani. Isipofanya hivyo, itamwadhibu mtoto kwa kujua zaidi ya mwongozo.

Nilizungumza na mwalimu wa mjukuu wangu nilipompeleka shule Jumatatu. Sikwenda kugombana. Nilimsimulia kesi ya 1893 tukiwa tumesimama langoni, akasikiliza, akacheka sana. "Mzee, naelewa," akaniambia, "lakini mwongozo unasema mboga. Nikimpa huyu alama, nitawafanyaje wale wengine?" Nilimheshimu kwa jibu hilo. Yeye ni kama Hedden bandarini: ana safu mbili, foleni ndefu, na sheria ambayo hakuiandika yeye.

Alama haikurudi. Hata hivyo mwalimu aliahidi kwamba zoezi lijalo litaongezwa maneno mawili tu: "Panga vyakula vifuatavyo kulingana na vinavyoliwa jikoni kwenu." Ni maneno machache, lakini yangetosha kuwaokoa kina Nix gharama ya mawakili kwa miaka sita. Nilipomweleza mjukuu jioni, alifikiri kidogo kisha akaniuliza: "Na parachichi nitaliweka wapi, Babu?"

Nilimwambia akamuulize nyanyake.